Jumanne ya Mulini, Alhamisi ya Maziwa

Taa za senta ile zilikuwa zinavimba na kufifia, zinavimba na kufifia, kama tumbo la mtu aliyelala. Ukikaa chini ya balbu na sahani yako ya bugali na sombe, majani ya muhogo, unauona mkono wako vizuri, halafu unaona kivuli chake tu, halafu unauona tena. Wageni walilalamika siku za kwanza, kisha wakanyamaza. Wenyeji hawakuwa na haja ya kulalamika. Walikuwa wamekwisha kumpata mkosaji, na mtu aliyempata mkosaji huwa anashiba hata kama hajala.

Ilikuwa juu ya Bihambwe, kule Masisi, mahali ambapo vilima viwili vinatazamana. Kilima kimoja kina mashamba ya maharagi na muhogo, parokia, na maternite, nyumba ya kuzalishia. Kilima cha pili kina majani na ng'ombe. Kila kilima kina kijito chake. Parokia ilikuwa na turbini yake ya zamani, ya kuendesha mulini ya kusaga unga na kuwasha taa za maternite na za senta. Wafugaji nao walikuwa wameweka ya kwao, ya kupoza maziwa na kumulika chumba cha jibini. Kila moja ilikuwa dhaifu peke yake. Mulini ikisaga jioni, mkunga alikosa mwanga. Maziwa yakija mengi asubuhi, mashine za kupoza zililemewa, yakachacha. Ndipo mradi mmoja ukaja na wazo la kuziunganisha turbini zile mbili kwa waya, ili inayolemewa isaidiwe na mwenzake. Wazo lilikuwa zuri. Nalisema mapema kwa sababu katika habari hii sitapata nafasi nyingi za kusifu.

Waya ukavutwa, mbuzi akachinjwa, hotuba zikasomwa, na jioni ile ile taa zikaanza kuvimba na kufifia.

Wakulima walisema ni turbini ya maziwa. Wafugaji walisema ni turbini ya mulini. Hakuna aliyekwenda kutazama. Mama mwenye nyumba yangu, mjane mkulima wa maharagi, mtu mwema aliyeniachia kitanda chake akalala yeye kwenye mkeka, alinieleza jambo hilo kama mtu anayeeleza kwamba mvua inatoka juu. "Ngombe zabo njo zinakunywaka courant yetu," akasema, akaendelea kuchambua maharagi. Nilimuuliza ng'ombe anakunywaje umeme. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua hata salamu.

Mimi nilikuwa mgeni kweli. Nimezaliwa Itebero, katika misitu ya Walikale, kwa wazazi wakulima, na shule niliifuata kwa miguu mpaka miguu ikazoea kabla ya kichwa. Baadaye nilisomea umeme na hesabu za takwimu kule Goma. Mradi uliniajiri kwa kazi moja: kuweka kwenye kila turbini kisanduku kidogo kinachorekodi, kila sekunde, mlango wa maji umefunguka kiasi gani, kisha kuikusanya rekodi hiyo na kuisoma. Walinichagua, kama nilivyoambiwa wazi, kwa sababu mtu wa Walikale hana upande katika mambo ya Masisi. Hawakujua wanachosema. Kabla wiki ya kwanza haijaisha, kila kilima kilikuwa kimekwisha kunihesabu mtu wa kilima cha pili.

Nieleze mlango wa maji, kwa maana kila kitu kilitoka hapo. Turbini inazungushwa na maji, na maji yanapita kwenye mlango. Mlango huo unaongozwa na kifaa tulichokiita regulateri. Taa zikififia, regulateri inafungua mlango maji yaongezeke. Taa zikizidi, inafunga. Inafanya hivyo kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu maji ni mazito na mlango wa chuma hauna haraka. Kwa turbini moja kuchelewa huko hakudhuru kitu. Hilo ndilo jambo lote la kujua, na naapa kwamba nimelieleza kwa watoto wa shule ya msingi wakalielewa, na kwa komite ya watu wazima wasilielewe.

Turbini ya maziwa ilikuwa na mlinzi wake, baba mmoja wa makamo, wa kofia pana na buti za plastiki. Sikumpenda. Kila nilipofika kuchukua rekodi alinisimulia jinsi mashine yake ilivyo mpya na jinsi ile ya mulini ilivyo kizee kinachochechemea na kuivuta ya kwake chini. Alikuwa hajawahi kuiona hiyo ya mulini kwa karibu. Aliwapa kikombe cha maziwa wale waliokubaliana naye, na mimi sikuwahi kupata kikombe. Lakini turbini yake aliitunza. Sehemu za kutiwa grisi zilikuwa na grisi, majani hayakuwahi kuziba mfereji, na alilala pale pale mvua ilipokuwa kubwa.

Baada ya miezi kadhaa mradi ukamleta mhandisi kutoka Goma aje kukata shauri. Wote walimwita Papa Ingénieur, hata wale waliomzidi umri mara mbili. Alikuja na gari safi na kompyuta safi, akalala nyumba ya wageni ya parokia, akala jibini la wafugaji asubuhi na jioni, akaniomba rekodi zangu zote. Nilimpa. Nikampendekezea twende pamoja kuziona turbini zenyewe. Ya mulini aliiona kwa sababu iko nyuma ya parokia. Ya maziwa akasema ataiona siku njia itakapokauka. Mtu aliyewahi kukaa Masisi anajua kwamba hiyo ni njia ya adabu ya kusema kamwe.

Akaitisha mkutano ukumbi wa parokia. Padri alikaa mbele, komite pembeni yake, wakulima upande wa madirisha na wafugaji upande wa mlango, bila mtu kuwapanga. Papa Ingénieur akawasha projekta. Picha ukutani ikawa inavimba na kufifia pamoja na taa, naye akaendelea kuonyesha kwa fimbo kana kwamba haoni.

"Wazazi wangu, muangalie," akasema. "Hii mustari ya bluu iko maziwa. Hii ya nyekundu iko mulini. Zinapanda pamoja, zinashuka pamoja. Namba ya uwiano iko kubwa sana. Na tena, bluu njo inatangulia, nyekundu inafwata. Sasa nani anasukuma mwenzake?"

"Iko maziwa," ukajibu upande wa madirisha, kwa sauti ya watu wanaojibu katekisimu.

Niliinua mkono. Akasema maswali ya watu wa ufundi yatafuata baadaye. Baadaye ikawa soda na biskuti.

Maamuzi yalifika kabla ya mwisho wa wiki. Komite ikaamua waya wa kuunganisha ukatwe. Ushirika wa wafugaji, kwa aibu na kwa kutaka kuonyesha moyo mwema, ukamfukuza mlinzi wa turbini. Hakuna aliyemuuliza neno. Alishutumiwa kwamba "hakuiongoza mashine vizuri", yaani kwamba mstari wa bluu ulitangulia. Nilimwona akipita barabarani na mfuko mmoja, buti zake zikiwa zimefungwa kwa kamba shingoni, akitafuta pikipiki ya kumpeleka Pinga, alikokuwa na shemeji mwenye duka. Nilimsalimia. Aliitikia akitazama mbele.

Waya ukakatwa. Taa zikatulia.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi ukweli nusu ulivyo mbaya kuliko uongo mzima. Senta nzima iliamka na furaha. Balbu zilisimama kama macho ya samaki. Wanaume walisimama chini yake wakizitazama na kugongana mabega. Mama mwenye nyumba aliniita nje, akanyoosha kidole juu. Waliikata ya maziwa, ya mulini ikapona. Je, mtu aulize nini tena?

Niliendelea na kazi yangu, kwa sababu nilikuwa bado nimeajiriwa kuifanya. Nilishuka bonde, nikapanda kilima cha pili, matope mpaka magotini, kuchukua rekodi ya turbini ya maziwa. Mvua ikanikuta njiani nikaingia chumba cha jibini kujificha. Akina mama wawili walikuwa wakikanda maziwa yaliyoganda, na juu yao balbu ilikuwa imetulia tuli. Niliitazama muda mrefu. Nikauliza imetulia tangu lini.

"Tangu walikata waya," akajibu mmoja wao bila kuinua kichwa. "Si tunasemaka siku zote kama mulini njo ilikuwa inatusumbua?"

Nilicheka mpaka wakanitazama. Vilima viwili, kila kimoja kikiwa na ushahidi ule ule mkononi, kila kimoja kimesherehekea, na hakuna mtu hata mmoja aliyevuka bonde kuuliza jirani analala vipi. Hata Papa Ingénieur hakuvuka. Yeye, tukumbuke, alikuwa anangoja njia ikauke.

Furaha haikudumu, maana waya haukuwa umevutwa kwa ajili ya mapambo. Mulini ilirudia kuimeza nguvu yote ya parokia kila jioni, na asubuhi maziwa yakaanza kuchacha tena kule ng'ambo. Mkunga alizalisha mtoto mmoja kwa mwanga wa telefone, halafu wa pili. Wa pili alikuja vibaya, akaokoka kwa bahati. Baada ya huyo mkunga alikuja kwangu bila kuvua aproni. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha.

"Dada, unijibu," akasema. "Hii courant ya kutulia inanisaidia nini kama haiko?"

Nikamwambia anipe siku chache.

Nilikaa na rekodi zangu kwenye meza ya jikoni, moshi ukiniumiza macho. Jambo la kwanza nililotaka kujua ni ile namba kubwa ya Papa Ingénieur ilitoka wapi. Nikachukua rekodi ya mulini ya Jumanne moja, wakati waya ulipokuwa bado umeungwa, lakini badala ya kuilinganisha na maziwa ya Jumanne hiyo hiyo, nikailinganisha na maziwa ya Alhamisi. Mulini ya Jumanne haiwezi kusukumwa na maziwa ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ilikuwa haijafika. Kama kweli namba ile inaonyesha kusukumana, ilipaswa kuanguka. Haikuanguka. Ilibaki karibu vile vile. Nikabadilisha siku nyingine na nyingine. Vile vile.

Sababu ilikuwa ya kuchekesha kwa wepesi wake. Asubuhi watu wa vilima vyote viwili wanaamka. Jioni wote wanawasha taa. Usiku wote wanalala. Mistari miwili inapanda na kushuka pamoja kwa sababu jua ni moja. Papa Ingénieur alikuwa amegundua kwamba kuna mchana na usiku, na kwa ugunduzi huo mtu akapoteza kazi.

Basi nikaliondoa pandashuka hilo kubwa la siku, nikabaki na yale mawimbi madogo ya haraka, yale yaliyovimbisha taa. Hapo hali ikawa tofauti. Jumanne kwa Alhamisi, hakuna kitu, kila moja na mambo yake. Jumanne kwa Jumanne, mawimbi yanashikana kama vidole. Kwa hiyo turbini zilikuwa zinagusana kweli, kupitia waya. Hilo sikulipinga kamwe. Swali lilikuwa nani anamgusa nani, na hapo mstari wa bluu kutangulia haukusaidia chochote. Watu wawili wakizunguka kanisa katika maandamano, nawe umesimama ndani kwenye dirisha moja, utamwona mmoja akipita halafu mwingine. Ni nani aliye mbele? Huenda wa pili ndiye wa mbele, na yule wa kwanza amebaki nyuma karibu mzunguko mzima. Mawimbi yanayojirudia ni hivyo hivyo. Mstari hausemi. Ukitaka kujua, lazima umsimamishe mmoja uone mwenzake atafanya nini.

Papa Ingénieur alirudi kukabidhi ripoti yake, iliyokuwa na jalada la rangi. Ukumbi ulikuwa ule ule, na watu walikaa vile vile, isipokuwa mkunga, ambaye alikwenda kukaa mstari wa mbele kabisa, katikati, akaweka kikapu chake kwenye kiti cha jirani. Safari hii sikuinua mkono. Nilisimama tu. Nikaeleza habari ya Jumanne na Alhamisi kwa maneno mepesi, kisha nikamuuliza mhandisi.

"Papa Ingénieur, mulini ya Jumanne inasikiaje maziwa ya Alhamisi?"

Akatabasamu kwa ajili ya ukumbi. Akasema takwimu ni msitu mkubwa na watu hupotea humo wakidhani wamepata njia. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa sauti ya mjomba.

"Dada, wewe ulisomaka wapi?"

"Fasi moja na wewe, Papa. Lakini miye nilisoma mpaka ku mwisho."

Hakuna aliyecheka. Watu wetu wanaogopa kucheka mbele ya jalada la rangi. Akaanza kueleza upya mstari wa bluu, na angeeleza mpaka jioni, na komite ingeitikia mpaka jioni, maana kuitikia hakuhitaji kufahamu. Nilipoomba ruhusa ya kufanya jaribio moja, katibu alisema jambo hilo litapelekwa kwenye kamati ndogo. Padri alikuwa anatazama saa yake. Ndipo mkunga akasema hataondoka kwenye kiti chake mpaka jaribio liruhusiwe, na kwamba ana mwanamke mwenye uchungu kule maternite, na kama mtoto akizaliwa gizani leo atamletea padri ambatize hapo hapo ukumbini. Padri akatoa ruhusa. Hakuwa ameelewa chochote. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wa wakubwa umefanya mema mengi katika nchi yetu.

Waya ukaunganishwa tena jioni ya siku iliyofuata, mulini ikisaga. Nilikuwa barazani pa maternite na telefone sikioni. Kule ng'ambo nilikuwa nimemweka mama mmoja wa chumba cha jibini kando ya turbini, nimemwonyesha pini ya kuufunga mlango wa maji usimame mahali pamoja. Watu walijaa uani wakiitazama balbu. Mara tu waya ulipogusana, balbu ikaanza kuvimba na kufifia. Upande wa wakulima ukaguna. Nikamwambia mama wa jibini afunge pini, regulateri yake isiguse kitu. Balbu ikatulia.

"Njo ile," akasema mtu nyuma yangu. "Iko maziwa."

Nikamwambia aifungue. Balbu ikavimba. Kisha nikaenda mwenyewe nyuma ya parokia, nikaufunga kwa pini mlango wa mulini, nikaiacha ya maziwa huru. Niliporudi balbu ilikuwa imetulia. Upande wa wafugaji mtu mmoja akaanza kusema basi ni mulini, akakatiza katikati, kwa sababu alikuwa ameona yote mawili kwa macho yake. Nikaziacha zote huru mara ya mwisho. Balbu ikavimba, ikafifia.

Mzee mmoja mkulima, mjumbe wa komite, akasema polepole, "Basi zote mbili ziko na kosa."

"Hakuna yenye kosa, Papa," nikamwambia. "Hii ikiona taa inafifia, inaongeza maji. Ile nayo inaona vile vile, inaongeza. Yanakuwa mengi. Halafu zote zinafunga, yanakuwa kidogo. Kila moja iko narekebisha kazi ya mwenzake, na kila moja inachelewa."

Alinitazama kwa namna ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Nimekutana na mtazamo huo mara nyingi tangu hapo. Ukimwambia mtu jirani yake ni mwovu, anakushukuru. Ukimwambia hakuna mwovu, anakuuliza umetumwa na nani.

Dawa yake ilikuwa rahisi: regulateri moja iongoze, ya pili ikae imefungwa mahali pamoja na kutoa nguvu yake bila kushindana. Ungedhani shida imekwisha. Komite ilikaa vikao vya majuma kadhaa kujadili ipi iongoze. Wakulima walitaka ya mulini, kwa sababu wao ndio waliotangulia kupata umeme. Wafugaji walitaka ya maziwa, kwa sababu ni mpya, na kwa sababu neno "kufungwa" liliwachoma. Mmoja alisimama akasema hawatakubali kufungwa na mtu yeyote, akapigiwa makofi, na tulikuwa tunazungumzia pini ya chuma ndefu kama kidole. Mwishowe nilisema ya mulini iongoze kwa sababu mulini ndiyo inayoanza na kusimama ghafla, na aliye karibu na ghafla ndiye anayefaa kuitikia. Walikubali. Wakaandika katika kumbukumbu za kikao kwamba uamuzi ulitokana na heshima ya parokia.

Taa za maternite ziliwaka jioni nzima, mulini ikisaga. Maziwa ya asubuhi hayakuchacha. Hilo nalihesabu kwa furaha, na mkunga naye alilihesabu, akaniletea kuku.

Dominika iliyofuata padri akatoa mahubiri. Akasema turbini zile mbili ni sisi, mkulima na mfugaji, na waya ni upendo wa Kristo, na kwamba tukijifunza kunyenyekea mmoja kwa mwingine mwanga wetu hautayumba. Watu walifuta machozi. Nilikaa benchi la nyuma nikiuma ulimi. Turbini hazina babu. Hazijawahi kugombea shamba wala kuingiziana ng'ombe katika maharagi. Zilitulizwa na pini, si kwa toba, na katika watu wote waliolia mle ndani hakuna hata mmoja aliyesimama kusema kwamba kuna mtu alifukuzwa bure na arudishwe. Nilikwenda mimi kwenye ushirika wa wafugaji kusema hivyo. Katibu alinikaribisha vizuri, akanipa kikombe cha maziwa, akaniambia nafasi imekwisha kujazwa na mtoto wa dada yake, kijana mwenye diploma. Mtoto wa dada yake alikuwa hajui grisi inatiwa wapi.

Ripoti ya Papa Ingénieur haikubadilishwa. Iliongezwa ukurasa mmoja wa mwisho, unaosema kwamba, kufuatana na mapendekezo ya mtaalamu, turbini ya maziwa ilifungwa na hali ikarudi kuwa ya kawaida. Kila neno la ukurasa huo ni kweli. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta uongo wa kuushika, sijaupata, na bado ni ukurasa wa uongo kuliko yote niliyosoma.

Kisha mradi ukanituma Pinga, kutazama kama mto wa huko unaweza kubeba turbini. Barabara ya Pinga ni pikipiki na subira. Nilifika nimevaa matope kama nguo ya pili, nikaenda sokoni kutafuta sabuni, na kwenye duka la mbao la tatu nikamkuta mlinzi wangu, kofia pana kichwani, nyuma ya chumvi, sabuni na betri. Alinitambua kabla sijamtambua. Akaniletea kigoda. Alikuwa amekonda, na hakusimulia habari za mashine yoyote.

Nilikuwa nimekuja na habari ambayo nilidhani ni zawadi. Nikamweleza yote: kukata waya, balbu ya chumba cha jibini, Jumanne na Alhamisi, pini. Nikamwambia turbini yake haikuwa na kosa, na watu wa vilima vyote viwili waliliona hilo kwa macho. Alisikiliza akipanga miche ya sabuni, mmoja juu ya mwingine.

"Na mulini?" akauliza.

"Mulini vile vile. Haikuwa na kosa."

Akaacha kupanga.

"Miezi hii yote nilikuwa najua kama miye nilifukuzwa juu ya kosa ya mulini," akasema. "Ukitoa kosa ya mulini, nilifukuzwa juu ya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi kwa ajili ya Papa Ingénieur, na kwa ajili ya komite, na padri, na katibu. Niliyatunga njiani kote na mengine yalikuwa matamu. Kwa ajili yake lilikuwapo moja tu, nalo halikuwa tamu.

"Juu ya bure, Papa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Mteja akaja kuuliza chumvi, akainuka kumpimia, na alipomaliza hakurudi kukaa. Nikanunua sabuni yangu nikaaga.

Kesho yake nilipima mto wa Pinga. Maji yalikuwa machache, na wenyeji waliniambia kiangazi hupungua zaidi. Niliandika hivyo kwa mradi. Jibu lilikuja haraka kuliko jibu lolote nililowahi kupata kutoka kwao: turbini imekwisha kuagizwa, je, siwezi kupima tena?

Nilipima tena. Nikaandika maneno yale yale.